Kibodi Niliyoiunda kwa Hasira

Mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwetu na wazee wawili wa kanisa, mkate na kilo mbili za sukari, akamfukuza mama kazi kwa sauti ya upole. Neno alilolitumia ni "pumzika." Alilirudia mara nyingi hata nikalichukia, na hadi leo mtu akiniambia nipumzike, shingo inanikakamaa.

Mama alikuwa sekretari wa shule moja ya upili huku kwetu, upande wa Ikonge, Nyamira. Alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa, enzi za taipureta, na kompyuta zilipoletwa alijifunza mwenyewe kwa kusoma kitabu kilichokuja ndani ya boksi. Mitihani ya kila muhula, barua za wazazi, ratiba na kumbukumbu za mikutano, vyote vilipita katika vidole vyake. Alitaipu bila kutazama. Mzazi angesimama dirishani akilalamikia jambo fulani, mama akamsikiliza akimtazama usoni, na vidole vikaendelea na kazi nyingine kabisa.

Kisha Jumapili moja asubuhi alikuwa akiwakatia ng'ombe majani ya nepia kwa mashine ya mota. Majani yalikuwa yamelowa, yakakwama. Akayasukuma. Mashine ikayavuta pamoja na mkono wake wa kushoto. Ilichukua vidole vitatu vya kati. Vilivyosalia ni kidole gumba na kidole cha mwisho.

Mimi ni binti yake wa pili. Natengeneza kompyuta na printa katika duka moja mjini Kisii. Siku hiyo nilipigiwa simu nikiwa nimefungua printa ya mteja, nikaiacha hivyo hivyo mezani, nikaenda. Sitaeleza hospitali. Nitasema tu kwamba mama alipoamka, jambo la kwanza aliloniuliza ni nani atakayetaipu mitihani ya katikati ya muhula.

Jeraha likiwa bado limefungwa bendeji, alinikalisha mbele ya kompyuta yangu akanisomea barua niiandike. Ilikuwa barua rasmi, ina anwani mbili na kichwa kilichopigiwa mstari. Aliomba kurejea kazini. Alisema yuko tayari kuanza na kazi nyepesi, kupokea wageni na kupanga mafaili, huku akijizoeza upya kutaipu. Nilikosea kuacha nafasi baada ya nukta, akanirudisha. Barua ikapelekwa shuleni. Haikujibiwa.

Jibu ndio ule mkate.

"Mama," mwalimu mkuu alisema, akiwa amekaa kwenye kiti cha marehemu baba, "umetutumikia vizuri sana. Mungu amekuachia uhai. Sasa pumzika."

"Sijachoka, Mwalimu," mama akajibu.

"Najua, najua. Lakini kazi ya ofisi ni kazi ya mikono. Tusikutese. Pumzika tu, ucheze na wajukuu."

Mmoja wa wale wazee akaitikia, "Ni kweli, dada. Ni mapenzi ya Mungu."

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Naungama kwamba niliupima kwa macho umbali kutoka mdomo wa lile birika hadi kwenye suruali yake ya kijivu. Kabla hawajaondoka walituomba tusimame, tukaombewa. Tulipata kujua baadaye kwamba siku ile walipokuja, msichana mwingine alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti cha mama kwa wiki mbili.

Walipotoka, mama alikusanya vikombe kimoja kimoja kwa mkono wa kulia. Akasema kwa Ekegusii, lugha yetu, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Nimeona watu wakifukuzwa kwa barua, wengine kwa matusi. Mimi nimefukuzwa kwa maombi."

Nilirudi Kisii nikiwa sitaki kuongea na mtu.

Dukani kwetu huletwa kibodi zilizokufa, na nilizoea kuzifungua kutafuta kitufe kilichokwama. Nilikuwa nimesoma mtandaoni kuhusu watu wanaojiundia kibodi zao wenyewe: wananunua swichi mojamoja, wanaziunganisha kwa waya kwenye bodi ndogo isiyozidi upana wa vidole viwili, kisha wanaipakia programu inayoiambia kila swichi iandike herufi gani. Programu yenyewe ni huria. Wenyewe walioiandika wameiacha wazi, yeyote aichukue, aibadilishe apendavyo, asiombe ruhusa. Nilikuwa nikiona ni mchezo wa watu wenye nafasi. Sasa nilikaa nikawaza: kama swichi inaweza kuambiwa chochote, basi hakuna sababu ya kibodi kudai vidole kumi. Ni mazoea tu. Na mtu ameondolewa kazini kwa sababu ya mazoea.

Niliagiza swichi, vitufe, diodi na ile bodi. Vilipitia Nairobi na vikachelewa, na kila nilipouliza niliambiwa vitafika kesho. Vilipofika nilifanya kazi kwenye kona ya duka wakati wa chakula cha mchana, nikichomelea waya kwa risasi iliyoyeyushwa huku wenzangu wakinunua chipsi. Nilikuwa nachomelea kama mtu anayemchoma mwalimu mkuu. Viungo vingi vilitoka vibaya kwa sababu ya haraka, nikalazimika kuvifungua upya.

Kibodi ile ya kwanza ilikuwa ya mkono wa kulia peke yake. Mtu akiandika kawaida, anapata herufi za kulia. Akibonyeza kitufe kirefu cha chini bila kukiachia, vitufe vilevile vinageuka kuwa herufi za kushoto, kana kwamba umeiweka mbele ya kioo. Kidole cha pete kilichokuwa kikiandika S upande wa kushoto sasa kina mwenzake wa kulia anayeiandika. Niliona nimefanya jambo kubwa. Nilimpelekea mama nikiwa nimeifunga kwa karatasi kama zawadi.

Aliifungua. Akaitazama pande zote. Akaweka mkono wake wa kulia juu yake, kisha akauondoa.

"Ya mkono mmoja," alisema.

"Ndiyo. Utaandika kila kitu. Ngoja nikuonyeshe."

"Nina mikono mingapi?"

Nilianza kutafuta mahali pa kuchomeka waya.

"Nakuuliza. Nina mikono mingapi?"

"Miwili, Mama."

"Huu una vidole vingapi?" Akauinua ule wa kushoto, akauweka karibu na uso wangu. "Hesabu."

"Viwili."

"Mwalimu mkuu hakuvihesabu. Wazee wa kanisa hawakuvihesabu. Nawe, uliyetoka tumboni mwangu, umekaa huko mjini ukanitengenezea kitu bila kuniuliza hata swali moja. Umeukata huu mkono mara ya pili."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba sijala mchana kwa mwezi mzima kwa ajili yake. Akasema hakuniomba nisile. Nilitoka nje nikasimama kwenye majani chai yetu, nikiwa na hasira naye, na pia kwa sababu alikuwa amesema kweli. Tangu bendeji itolewe nilikuwa nimejizoeza kutoutazama ule mkono. Nikimpa kikombe nilikuwa natazama ukuta.

Nilirudi ndani nikakuta amechukua karatasi na penseli.

"Kaa," akasema. "Chora."

Akauweka mkono wa kushoto juu ya karatasi, nami nikauzungushia penseli pole pole, nikapita kwenye kidole gumba, nikapita kwenye lile kovu lililonyooka, nikapanda kidole cha mwisho. Ngozi ya kovu ilikuwa laini na yenye joto. Nilipomaliza, alikigonga kidole chake cha mwisho mezani.

"Hiki kinaandika nini?"

Niliweka vidole mezani kana kwamba nataipu. Anayetaipu kwa vidole vyote, kidole cha mwisho cha kushoto hukaa juu ya A.

"A," nikasema.

"A. Sasa niambie neno la Kiswahili lisilo na A."

Nilitafuta, nikapata machache ya ovyo. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu ajali. Ile mashine ilikuwa imechukua vidole vitatu na kumwachia kile kilichofanya kazi nyingi kuliko vyote, na mimi katika hekima yangu nilikuwa nimekistaafisha.

Tukaanza upya, na safari hii yeye ndiye aliyeamua. Upande wa kulia ukabaki vilevile. Upande wa kushoto nikautenganisha, ukawa kipande kidogo chenye vitufe sita tu: vitatu vya kidole cha mwisho, yaani Q, A na Z, na vitatu vya kidole gumba. Kimoja cha gumba kikawa E, kwa sababu mama alisema E haiwezi kungoja. Cha pili kikawa cha herufi kubwa, na cha tatu cha kugeuza herufi za kulia ziwe za kushoto. Katika programu, mpangilio mmoja wa herufi uliofichwa chini ya mwingine huitwa tabaka, nami nikamweleza hivyo.

"Tabaka kama Tabaka kwa mawe?" akauliza.

Na kweli tuliishia huko, kwenye mji wa wachonga mawe. Ule upande wa kushoto ulikuwa mwepesi mno. Akikisukuma kitufe kwa gumba, kipande chote kilikimbia mezani. Nilijaribu mpira chini yake, nikajaribu gundi. Mwishowe nilikwenda Tabaka kwa mchongaji mmoja, nikampa ile karatasi yenye umbo la mkono, nikamwomba anichongee kitako kutoka kwa lile jiwe laini wanalochongea viboko na bakuli za watalii. Aliuliza ni sanamu ya nini. Nilimwambia ni ya kazi. Akachonga na shimo la kupitisha waya, akalisugua kwa maji hadi likawa kama ngozi. Kipande kikatulia.

Kilichotusumbua zaidi ni muda. Programu hupima kama umegusa kitufe na kukiachia au umekishikilia, na tofauti yake ni chini ya kufumba jicho. Niliuweka muda kama nilivyouona kwa wale vijana wa mtandaoni, na mama akawa anaandika "yaya" akitaka "tata," maana Y na T zilikuwa kitufe kimoja.

"Inaharakisha kuliko mimi," akasema.

"Ongeza kasi kidogo."

"Kwa nini niongeze mimi? Hiyo kompyuta ndiyo mtumishi."

Nikaongeza muda. Ikawa inamchelewesha, akalalamika. Nikapunguza kidogo. Tulikwenda hivyo wikendi baada ya wikendi. Kila Jumapili nilikuja na kompyuta, nikabadilisha tarakimu moja, nikaipakia upya, akaandika ukurasa mmoja. Ijumaa jua likikaribia kuzama hakuruhusu hata nikunje waya. Sabato ilikuwa Sabato, na kibodi ilifunikwa kwa kitambaa hadi Jumamosi jioni. Tuligombana sana. Lakini kulikuwa na Jumapili moja nilikuwa nikimenya ndizi jikoni nikasikia vitufe vikilia sebuleni mfululizo, bila kusita. Nikaacha kumenya nikasimama tu.

Habari zilifika kanisani, kutoka kanisani zikafika shuleni. Mwalimu mkuu akaja tena, bila wazee. Alisema amefurahi mno. Shule ingekuwa na siku ya wageni, na angependa mama aje na kile chombo kuwatia moyo wanafunzi. Mama alimuuliza kuhusu ile barua yake. Akasema, "Tutaongea siku hiyo hiyo, Mama. Mambo mema hayataki haraka."

Nilimwambia mama asiende. Alisema yeye bado ni sekretari na mwaliko hujibiwa. Alishona kifungo kilicholegea kwenye koti lake la bluu, lile la mikutano ya bodi.

Siku hiyo niliomba ruhusa kazini nikafika nikiwa nimechelewa. Ukumbi ulikuwa umejaa wazazi. Kibodi yetu ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mbele yake kadi iliyochapwa kwa herufi kubwa: UVUMBUZI WA KLABU YA KOMPYUTA. Chini yake, kwa herufi ndogo: Pamoja na mnufaika. Mnufaika alikuwa mama yangu, ameketi nyuma ya meza, mikono yake mapajani.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama na kipaza sauti, akimweleza mgeni wa heshima, mwanamke mfanyabiashara aliyesoma katika shule hiyo zamani. "Tulimwona mama yetu akiteseka," alisema. "Tukasema kama shule hatuwezi kumwacha. Wanafunzi wetu wakaketi, wakabuni." Watu wakapiga makofi. Wanafunzi wa klabu, maskini, walikuwa wanaangalia viatu vyao.

 Nilianza kusukuma watu nipite mbele, na sijui ningefanya nini. Nilimwita mama kwa sauti, "Baba!" maana kwa Ekegusii ndivyo mama anavyoitwa, na wageni wawili watatu wasio wa kwetu wakageuka kumtafuta mwanamume. Mama aliniona. Akanionyesha kiganja cha kulia: ngoja.

Mgeni wa heshima alikuwa amemkaribia. "Mama, tuandikie kitu kidogo tuone," alisema. Kompyuta ilikuwa imeunganishwa na projekta, ukuta wote ukawa ukurasa mtupu.

Mama akavuta kiti. Akauweka mkono wa kushoto kwenye jiwe. Nilidhani ataandika mstari wa Biblia. Ukutani ikatokea anwani ya kwetu, upande wa kulia. Kisha anwani ya shule, upande wa kushoto. Kisha tarehe. Kisha, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: MINTARAFU: OMBI LA KUREJEA KAZINI.

Aliiandika barua yote, neno kwa neno, kutoka kichwani. Hakutazama vidole. Alikuwa anamtazama mwalimu mkuu. Ukumbi ulisoma pamoja naye, sentensi baada ya sentensi, kwamba amekuwa sekretari wa shule hii tangu lini, kwamba aliumia wapi, kwamba yuko tayari kujizoeza upya. Mwishoni akaongeza aya moja ambayo haikuwemo katika ile ya kwanza: kwamba kibodi anayoitumia imeundwa na binti yake, ambaye hajawahi kuwa katika klabu yoyote ya shule hii, na kwamba anaomba kadi iliyo mezani irekebishwe. Wako mwaminifu. Akaacha nafasi ya sahihi, kama inavyotakiwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni wa heshima aligeuka akauliza, bila kipaza sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya sote tukasikia: "Mwalimu, ombi hili mlilijibu?"

"Tunalishughulikia," akasema.

Nilichomoa waya, nikakibeba kile kipande cha jiwe kifuani kama mtoto, na tukatoka mama akiwa mbele.  Tulipofika kwenye lango letu aliketi kwenye nyasi akalia, kilio cha hasira, akipiga goti lake kwa ule mkono wa vidole viwili. Niliketi kando yake. Sikumwambia anyamaze.

Jibu la shule lilikuja baada ya siku tisa. Walisema nafasi imeshajazwa na wanamtakia heri katika mapumziko yake. Barua ilikuwa na makosa manne. Mama alichukua kalamu nyekundu, akayasahihisha yote, akaikunja, akairudisha shuleni kwa mkono.

Mimi nilichukua michoro yote, vipimo na ile programu tuliyoibadilisha, nikaviweka mtandaoni wazi kabisa, kama wenzangu nisiowajua walivyoniachia yao. Juu kabisa nikaandika kwamba mpangilio huu wa herufi umebuniwa na sekretari mwenye vidole saba, kwa matumizi yake. Kadi ya mtu isije ikakaa juu yake tena.

Mama alijitafutia kazi mwenyewe. Alivaa lile koti, akazunguka Nyamira na kibodi ndani ya kikapu, akaingia ofisi moja hadi nyingine akiomba apewe mtihani wa kutaipu. Ofisi tatu zilimpa pole. Ya nne ilikuwa ya wakili mmoja mwanamke, asiye na muda wa pole, aliyekuwa na hati ya kupeleka kortini kabla ya saa sita. Akamwambia, "Kaa hapo, andika hii." Hati ikafika kortini. Mama yuko hapo hadi sasa.

Juzi alinipigia simu kazini akidai E imekufa. Nilikwenda nikakuta ni kiungo kimoja cha waya kimelegea, nikakichomelea upya huku amesimama juu yangu akitazama saa.

"Na ukiwa hapo," alisema, "niwekee kitufe kimoja kiandike 'mshtakiwa wa kwanza' yote kwa mkupuo. Nimechoka kuyaandika."

"Umechoka? Pumzika basi."

Alinitazama jinsi anavyotazama mtu aliyeacha nafasi mbili baada ya koma. Nikamwekea kitufe chake.

Nikitoka hapo, kwenye stendi, nilikutana na mwalimu mkuu ana kwa ana. Akafungua mikono, uso wote tabasamu. "Binti yetu wa kompyuta! Mama hajambo? Mungu ni mwema." Akanyoosha mkono nimsalimu. Niliutazama, vidole vyote vitano, nikauacha hapo hewani mbele ya watu, nikapita.

Habari zilimfikia mama kabla sijafika Kisii. Alinipigia akanikemea vikali: hakunilea hivyo, yule ni mtu mzima, na Jumamosi watakuwa kanisa moja. Mambo ya shule yeye alishayamaliza, alisema, na aliyamaliza mbele ya umati. Nilimwahidi mama kwamba nitamwomba mwalimu mkuu msamaha.

Sijamwomba.